Fulana nyekundu na maksai wa mjomba

Jana nimeingia shamba la mjomba huku Igunga na fulana yangu nyekundu ya Simba. Kabla sijashika plau akang'aka: "We mpwa, ivue hiyo, maksai watachachamaa!" Nikavua. Nimelima kifua wazi, na jua la Tabora mnalijua.

Kumbe bure! Jicho la ng'ombe, kama la farasi, lina aina mbili tu za seli za kutambua rangi. Sisi tuna tatu. Buluu na njano wanazitofautisha vizuri, ila nyekundu na kijani zinawachanganya. Waingereza walilishtukia hilo kwenye mbio za farasi: vizuizi vya kuruka vilikuwa na alama za rangi ya chungwa, mwaka 2022 wakaanza kuweka nyeupe ili farasi wazione vizuri.

Na mnajua kilichowatimua maksai wetu saa nne? Mfuko mweupe wa mbolea uliopeperushwa na upepo. Wakaondoka na plau, sisi nyuma tunahema.

Jioni nikamweleza mjomba yote hayo. Akanywa uji wake taratibu, akasema: "Sawa, nimekuelewa. Kesho vaa ya Yanga."