Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana kwa watoto njiti, Nairobi

Saa 11 alfajiri niko steji Kayole, baridi kali, matatu inajaza pole pole na mimi nawaza tu mtoto wa bedi ya dirishani, nilimwacha jana jioni tumbo limeanza kukaza.

Saa 1 asubuhi tunapokezana zamu. Mtoto mwenyewe ana gramu 1,080, alizaliwa wiki ya 29, leo ni siku yake ya tisa. Mwenzangu wa usiku ananiambia saa 9 usiku mrija wa kumlisha, ule unaoingia tumboni, ulitoa maji ya kijani, wakasimamisha maziwa, wakaita daktari. Nikiskia kijani roho inaruka. Kwa njiti hiyo inaweza kuwa mwanzo wa ule ugonjwa tunaita NEC, utumbo unavimba, kipande kinakufa, wakati mwingine unatoboka kabisa, na unaenda mbio hadi mtoto aliyekuwa sawa asubuhi jioni anatafutiwa teata, afanyiwe upasuaji.

Nachukua tepu napima tumbo pale kwa kitovu. Sentimita 25, jana ilikuwa 23. Ngozi inang'aa, naona mishipa.

Saa 3 raundi. Eksirei imerudi, hakuna hewa ndani ya kuta za utumbo, asante Mungu. Antibiotiki zinaendelea, maziwa bado hapana.

Saa 5 hivi mamake ananiita pembeni, ameshika chupa ya yoghati iliyotumwa na mama mkwe. "Sista, wamesoma kwa simu ati probiotiki zinazuia huu ugonjwa, si nimpe kidogo tu kwa mrija?" Nikamketisha. Nikamwambia: mama, mama mkwe hajakosea sana, bakteria wazuri wapo na ni kweli wanasaidia njiti, lakini hii yoghati ni ya dukani, haikutengenezewa mtoto wa kilo moja, hii kunywa wewe, wewe ndio unahitaji nguvu. Akanywa. Halafu akaniuliza swali lenye nimebeba siku nzima: kama angepewa hizo dawa mapema, hili tumbo lingevimba?

Sikumdanganya. Nilimwambia tafiti zaidi ya 50 zimefanywa, watoto zaidi ya elfu kumi, na zikijumlishwa zinaonyesha NEC inapungua, lakini si kila aina ya bakteria, kule Uingereza walijaribu moja kwa watoto 1,300 na kitu matokeo yakatoka 2016, haikusaidia. 2022 Shirika la Afya Duniani likasema mtoto wa chini ya wiki 32 anayelishwa maziwa ya binadamu anaweza kufikiriwa kupewa. Halafu 2023 Marekani wakatoa onyo, mtoto wa chini ya kilo moja alipewa hospitalini, bakteria wale wale wakaingia kwa damu, akafariki. Ni vitu hai hivi! Ukifungua pakiti karibu na bedi na mkono huo huo ushike kanula, ile sindano ya plastiki iliyo kwenye mshipa, umewafungulia mlango wa damu. Kwetu bado hatujaanza kuwapa watoto na mimi ningependa tuanze, kwa kweli napenda sana, lakini kwa bidhaa iliyopimwa vizuri, inayochanganywa mbali na watoto, na mzazi ameambiwa pande zote mbili kabla hajakubali. Kwa hivyo kama lingevimba au la, hakuna anayeweza kumwambia, na asijilaumu.

Akalia kidogo. Nikamngoja.

Saa 6 tukaenda pamoja chumba cha kukamua, kwa sababu hicho ndicho kitu kiko mikononi mwake leo. Maziwa ya mama yenyewe yanakinga NEC, yana kinga na yana sukari zinazolisha hao bakteria wazuri tumboni. Mama asipopata kabisa tunatafuta maziwa ya kuchangiwa, pale Pumwani benki ya maziwa ilifunguliwa 2019. Huyu wetu anapata. Nilimwonyesha tena, vidole nyuma ya ile sehemu nyeusi, bonyeza kuelekea kifuani halafu mbele, usivute chuchu. Matone ya kwanza yalitoka ya manjano, akatabasamu mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mchana ulienda tu, watoto 22 na sisi wawili, kunawa mikono hadi inapasuka, chai niliinywa imepoa.

Saa 11 jioni tepu inasoma sentimita 24. Mrija umetoa kidogo, na si kijani tena, ni kama mate. Nimeguza tumbo, limelainika upande wa kulia.

Saa 12 na nusu nampokeza wa usiku: bedi ya dirishani, sentimita 24, antibiotiki saa 2, hapati maziwa hadi daktari amwone asubuhi. Maziwa ya mamake yako kwa friji, mililita 35, ameandika lebo mwenyewe, saa na tarehe, na ameniambia ataamka saa 9 usiku akamue tena.