Kichina cha dukani: kumbukumbu ya wiki ya 11

Kwa aliyechelewa kujiunga: nauza viatu Kariakoo, mzigo unatoka Guangzhou, na nimechoka kuongea na wakala wangu kwa programu ya tafsiri. Herufi zao sijifunzi kuziandika kwa mkono, simu inatosha. Nataka kuuliza bei, kuelewa jibu na kubishana kidogo.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa za sanduku la Leitner, ule utaratibu alioueleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi ukiipatia inahamia chumba kinachofuata, unaiona tena baada ya siku nyingi zaidi. Ukiikosea inarudi chumba cha kwanza. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, ila dukani simu yangu haitulii, basi nikagawanya boksi la raba vyumba vitano. Nikafikisha maneno 180. Nikajiona.

Wiki ya tano wakala akatuma sauti kutaja kiwango cha chini cha oda. Nikasikia “si”. Nne! Nikamwandikia nachukua katoni nne. Kumbe kasema kumi. Kwa Kichina cha darasani nne ni sì na kumi ni shí, lakini watu wengi wa kusini “sh” yao inateleza kuwa “s”, na hapo kinachobaki kutofautisha ni toni tu: nne inashuka ghafla kama anayemfukuza kuku, kumi inapanda kama anayeuliza “eeh?”. Afadhali hata hiyo. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Mfanyabiashara afanyeje hapo?

Kosa lilikuwa langu: maneno yote 180 nilikuwa nimeyajifunza kwa macho. Alama za toni nilizichora vizuri juu ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi zetu, sikio halikuwa na habari.

Basi nikageuza mradi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa Kimarekani: waliwasikilizisha toni za Kichina kutoka kwa wasemaji tofauti, wakiambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa, na masikio yao yakafunguka. Siri ni sauti nyingi. Ukizoea sauti ya mwalimu mmoja, umemzoea mwalimu. Nimekusanya rekodi za watu sita, wanawake kwa wanaume. Binti yangu wa kidato cha pili anazicheza ovyoovyo bila mpangilio, mimi nanyoosha kidole kimoja hadi vinne kutaja ni toni ipi kati ya zile nne. Dakika kumi kila asubuhi kabla sijatoka.

Siku ya kwanza: 11 kati ya 40, yaani hata kubahatisha ningepata hizo. Juzi: 31. Toni ya pili na ya tatu bado zinanichanganya, hasa akisema mtu mwenye haraka. Mama alitukuta kwenye mchezo huo akacheka, akasema mbona hata Kichaga kina kupanda na kushuka. Kweli kina. Mimi niliyekulia Dar kwa Kiswahili kitupu ndiye nimepoteza hilo sikio.

Kuna mahali Kiswahili kinanibeba, lakini. Wao hawahesabu kitu bila neno la kukipangia kundi: shuāng kwa jozi ya viatu, tiáo kwa suruali, na tiáo hiyohiyo kwa samaki na barabara, vitu virefu virefu. Nasikia wanafunzi wa Ulaya wanalia hapo. Aliyezaliwa kwenye ngeli hashangai. Na hesabu yao inakwenda kwa elfu kumi, wàn, hivyo laki moja ni shí wàn, elfu kumi mara kumi. Hapo bado naandika pembeni kwanza ndipo nijibu.

Kadi sijazitupa. Sasa kila kadi ni sentensi nzima ya biashara, na haihami chumba mpaka niitamke kwa sauti, wateja wacheke wakitaka.

Jumatatu nampigia wakala, bila kuandikiana. Sendo jozi 300, bei na siku ya kusafirisha. Binti atakaa mbele yangu, vidole tayari.