Eko ya pikapu nne inaondoka Nyegezi: kumbukumbu ya kuuza gitaa langu

Wiki ya kwanza

Haya, nimeamua, Eko naiuza. Nimekaa na hili jambo miezi miwili silisemi kwa mtu. Chumba cha mazoezi nilichoanza kujenga hapa Nyegezi, Mwanza, kimefika kwenye lenta na hela ya kupaua sina, vijana wanapigia magitaa chini ya mwembe, mvua ikija kila mtu anakimbia na la kwake. Ndani nina magitaa sita, na hii ndo pekee ambayo ikiondoka itatoa mabati yote kwa mkupuo mmoja.

Kwa ambao hawaijui: ni gitaa la umeme, Eko 500 ya pikapu nne (pikapu ni kile kisumaku kilichozungushiwa koili ya waya, kinachonasa sauti ya nyuzi), imetengenezwa Recanati, Italia, miaka ya 60. Kampuni aliianzisha Oliviero Pigini 1959, na ukitaka kuielewa hii gitaa lazima uelewe kodiani, kile kinanda cha mvukuto kinachovutwa kwa mikono, maana ukanda ule wa Castelfidardo na Recanati ndo ulikuwa kitovu cha kodiani za Italia, sasa vijana walipoanza kutaka magitaa ya umeme mafundi wakatumia walichonacho. Mbele haijapakwa rangi, imevalishwa plastiki ya kumeta kama ile ya kwenye kodiani, na pikapu huchagui kwa swichi ya kawaida, kuna mstari wa vibatani vya kubonyeza. Ya kwangu ni ya fedha. Ukiitoa barazani asubuhi inawaka kama dagaa aliyetoka kwenye wavu sasa hivi. Hawa hawa Eko ndo walitengeneza hata baadhi ya magitaa ya Vox, kampuni ya Uingereza, miaka ile, kwa hiyo mtu asikwambie Waitaliano walikuwa wanajaribujaribu.

Niliinunua 2009 kwa mzee mmoja wa Kirumba aliyekuwa anapiga rithim kwenye bendi za dansi. Ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa shuka.

Wiki ya pili: usafi na pikapu ya nne

Nimeifungua yote. Plastiki nimeifuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo sana, basi. Spiriti sikuipeleka karibu, asetoni ndo kabisaa usithubutu, plastiki za aina hii zinaweza kulainika na kupoteza ule mng'ao na haurudi tena. Nilivyokuwa nasugua taratibu nikasikia kaharufu ka kafuri kwa mbali. Plastiki ya zamani ya seluloidi ndivyo inavyonuka, ndo maana huwa siifungii kwenye nailoni, ikikosa hewa inajila yenyewe na inakula na vyuma vilivyo jirani. Skrubu mbili tayari zina kutu, na hewa yetu hii ya ziwani haisaidii.

Kazi kubwa ilikuwa pikapu ya nne, ile ya karibu na briji, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa. Imekaa kimya tangu naijua. Mita ya kupimia umeme ikasoma zile pikapu tatu vizuri, hiyo ya nne haisomi kitu, maana yake waya umekatika mahali. Fundi mmoja wa mjini alinambia nitoe waya wote isukwe upya, nikakataa kwanza. Nikakaa nayo mezani usiku, taa ya kichwani na lensi ya kusomea ya mama watoto, nikaona waya wa koili umeachia palepale unapoungana na waya wa kutokea, hata milimita mbili hazifiki. Ni mwembamba kama unywele, una rangi ya shaba iliyokolea, ukipumua kwa nguvu unacheza. Nikaukwangua ile vanishi kwa ncha ya wembe, nikauzungushia kwenye waya mkubwa, tone dogo la risasi, nikaachia. Nilikuwa nimeshika pumzi nadhani dakika nzima. Mita ikasoma! Nilipochomeka kwenye amplifaya nikabonyeza kibatani chake, sauti ikatoka kali, nyembamba, inang'ata, ile ile ya solo za zamani. Saa saba usiku. Mama watoto akaamka, hakunigombeza, akakaa akasikiliza.

Wiki ya tatu: funguo

Hapa palinisumbua roho. Mwaka 2012 nilibadilisha funguo za kukazia nyuzi kwa sababu mbili zilikuwa zinateleza, nikaweka mpya za kawaida. Kwa mpigaji ni afadhali, kwa mkusanyaji ni kasoro, anataka vyote vya asili. Nimepekua nyumba nzima nikazikuta kwenye kopo la Blue Band pamoja na misumari, zote sita, mojawapo kichwa kimepasuka. Nilifikiria kuzirudisha ili ionekane haijaguswa halafu nikaona hapana, mtu ataifikisha kwake isikae kwenye tuni hata wimbo mmoja. Zitaenda na gitaa kwenye kopo lake, anayenunua ataamua mwenyewe.

Tangazo nimeandika kasoro kabla ya sifa: funguo sio za asili, pikapu moja imelehemiwa na mimi, freti ya tano (freti ni vile vichuma vya kukatiza shingoni) inagonga kidogo uzi wa chini, kuna ufa wa plastiki karibu na jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Bei milioni moja na laki nane. Picha nimepiga jioni, kila kasoro na picha yake.

Wiki ya nne na ya tano

Simu nyingi, wengi wanauliza "mwisho ngapi" kabla hata hawajauliza ni gitaa gani. Mmoja wa Dar alikuwa tayari, aliposikia funguo akapotea. Sawa, ni haki yake.

Jumamosi akaja kijana kutoka Geita, anapiga solo kanisani na kwenye bendi ya harusi. Amepita daraja jipya la Kigongo-Busisi, zamani angekuwa bado kwenye foleni ya kivuko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu. Umekula?"

Hakutaka chakula, alitaka kuiona. Akaishika kama robo saa bila kuichomeka, anapima shingo tu, kisha akabonyeza vibatani kimoja kimoja. Akaenda mwenyewe freti ya tano.

"Inagonga hapa."

"Nimeiandika."

"Ndo maana nimekuja, mzee. Umeandika mpaka ufa."

Tukaongea bei kiutu uzima, tukamaliza kwenye moja na nusu, na kopo la funguo, na nyuzi seti mbili. Nilimwonyesha pale nilipolehemu ili fundi mwingine asije akafungua kwa pupa. Nilimwambia pia asiifungie kwenye nailoni, nikarudia mara tatu, akanivumilia.

Usiku akatuma sauti ya sekunde arobaini, kibatani cha pikapu ya nne, anapiga sebene. Nimeisikiliza mara nyingi.

Jumatatu nikaenda Igoma, mabati thelathini, geji 28.