Njia ya ukungu: redwood na mizabibu kaskazini mwa San Francisco

Wageni wanaokuja California na marafiki huuliza swali lilelile: tutaonaje mashamba ya mvinyo na ile miti mirefu iitwayo redwood kwa safari moja? Ratiba iliyozoeleka ni Napa kwa mvinyo siku moja, Muir Woods kwa miti siku ya pili, jioni hotelini. Siipendi. Napa ni kuzuri lakini mfuko unaumia, na kwa kanuni ya kaunti ya mwaka 1990, viwanda vya mvinyo vilivyoanzishwa baada ya hapo hupokea wageni wenye miadi tu. Ukiwa na wenzako wanaotaka kusimama popote wanapopapenda, miadi inawabana.

Mimi ningepanda na Barabara ya 101 hadi Cloverdale, nikate kushoto kuingia Barabara ya 128, nipite Bonde la Anderson hadi baharini, kisha niendelee kaskazini mpaka Kaunti ya Humboldt. Humo mizabibu na redwood ni majirani, na ukungu unaolea miti ndio unaolea na zabibu. Ukishaelewa tabia ya ukungu huo, safari nzima inajipanga.

Kiangazi cha huku hakina mvua, miezi na miezi. Lakini maji ya Pasifiki ni baridi, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu, halafu joto la bara huuvuta ndani kupitia mabonde ya mito. Kwa Bonde la Anderson, mlango ni Mto Navarro. Redwood huunasa ukungu kwa majani yake membamba; matone huanguka kwenye mizizi, na mengine hufyonzwa na majani yenyewe. Ndiyo maana miti hii imeganda kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Zabibu nazo hupoa usiku. Zikikaa kwenye joto mfululizo, sukari hupanda upesi na uchachu hupotea, mvinyo ukawa mzito wenye kilevi kikali. Zikipoa hubaki na uchachu wake, na hapo ndipo zabibu aina ya Pinot Noir na Gewürztraminer za Philo, kijiji cha bonde hilo, zilipopatia jina. Aliyezoea mvinyo wa Dodoma, ambako mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, akumbuke kwamba huku mavuno ni mara moja tu, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Ukija Septemba utakuta matrekta barabarani na wenye mashamba hawana muda wa porojo.

Ondokeni San Francisco saa moja asubuhi. Jazeni mafuta Cloverdale, na ramani ipakueni kabisa, maana mbele mtandao hukatika kwa vipande virefu. Kutoka hapo hadi baharini ni kama kilomita 90, ila msitumainie mwendo wa barabara kuu: kona zinafuatana, na abiria wa nyuma ndiye anayeumia. Mwenye kichefuchefu akae mbele na ameze dawa nusu saa kabla, si baada ya kona ya kwanza. Taa ziwe zimewashwa hata mchana, kwa sababu ukitoka kwenye jua na kuingia kwenye kivuli cha redwood, jicho huchelewa na gari la mbele halionekani. Magari matano yakijipanga nyuma yako, sheria ya California inakutaka uingie pembeni penye nafasi uyapishe. Wenyeji hawapigi honi, lakini wanakusogelea mpaka uelewe.

Anzeni na msitu, si mvinyo. Hendy Woods, karibu na Philo, mnalipia gari langoni, na asubuhi ukungu ukiwa bado juu mwanga unakuwa laini. Jua likishatoka, picha zinaharibika: majani meupe pee, mashina meusi tii.

Saa tano au sita ndipo mnaonja, na hapa hesabu ifanyike mapema. Mmimino mmoja wa kuonja ni mililita 30 hadi 60. Vionjo vitano vikubwa kwa kila kiwanda, kwenye viwanda viwili, ni mililita 600, na chupa nzima ina 750. Kwa hiyo dereva asinywe, basi. Au ateme kwenye ndoo iliyowekwa mezani, hakuna atakayemshangaa. Kikomo cha kilevi kwenye damu kwa dereva ni asilimia 0.08. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata ikizibwa tena, ikae kwenye buti, kwa sababu ikikutwa walipokaa abiria ni kosa. Beba kitambulisho hata kama una mvi. Ada ya kuonja mara nyingi husamehewa ukinunua chupa, kwa hiyo kundi linunue kwa pamoja mahali pamoja badala ya kila mtu kulipa kivyake. Na msiziache chupa kwenye gari lililofungwa juani: joto huutanua mvinyo, kizibo kinasukumwa nje, na ladha inakuwa ya jamu iliyopikwa. Boksi lenye barafu kidogo linatosha.

Kipande cha mwisho cha 128 ni handaki la redwood kufuata mto hadi baharini. Wakati wa masika ya huku, Desemba na kuendelea, mchanga huziba mdomo wa Navarro, maji yanarudi nyuma na kuifunika barabara, nayo hufungwa. Angalieni taarifa za Caltrans, idara ya barabara ya California, kabla ya kutoka. Na sweta isiwe chini ya mizigo; Boonville, kule bondeni, unaweza kuwa na nyuzi 30, ukifika baharini unatetemeka.

Kesho yake fuateni Barabara ya 1 hadi Leggett, inapoungana na 101. Pale kuna mti uliotobolewa ili gari lipite. Unalipia, na tundu lina upana wa mita 1.8 hivi, kwa hiyo kunjeni vioo vya pembeni. Kwangu mimi ni mchezo wa watoto; muda huo ningeupeleka Avenue of the Giants, kilomita 50 za 101 ya zamani, bila kiingilio.

Hapo simameni Founders Grove, shamba la redwood za kale. Mti uitwao Dyerville Giant, uliokuwa na mita 110 hivi, ulianguka Machi 1991 baada ya kugongwa na mti mwingine, na bado umelala. Anzeni kwenye kitako. Mizizi ya redwood haizami hata mita nne. Huenda pembeni na kushikana na ya jirani, ndiyo maana mnaombwa msitoke njiani, miguu hushindilia udongo na kuibana. Gusa gamba: lina nyuzinyuzi, unene wake hufika sentimita 30, halina utomvu wa kuwaka, hivyo moto mdogo hulichoma juu tu. Kisha tafuta koni chini. Ni ndogo kama zeituni. Mti mrefu kuliko yote unaojulikana Afrika, uliopo Kilimanjaro na kutangazwa mwaka 2016, una mita 81.5, nao ungesimama chini ya vilele vya redwood hizi.

Kurudi, ushuru wa daraja la Golden Gate hutozwa mnaoingia mjini tu, na hawapokei fedha taslimu. Kwa gari la kukodi, ulizeni kabla ya kusaini mkataba ushuru utalipwaje, kwani kampuni nyingi huongeza ada yao juu yake.