Pauni 380 kwa Mkono wa Kochi

Barua pepe ya ajenti imeniingia wiki hii nikitoka zamu ya usiku, na usingizi umenipaa tangu hapo. Nimehama nyumba hapa Leeds, Uingereza, nimeiacha imedekiwa hadi nyuma ya friji, nao wanataka kukata pauni 380 kwenye dipoziti yangu, eti za kuvisha upya kochi ambalo paka ameliparura mkono mmoja. Piga hesabu mwenyewe, pauni inacheza kwenye shilingi za Kenya 170 na kitu. Kwa hela hiyo fundi wa Free Area kule Nakuru anakuundia kochi zima la watu watatu, anakuongezea stuli, na mkokoteni wa kulifikisha kwako analipia yeye.

Hela ningeimeza. Kilichonikwama kooni ni sentensi ya mwisho, kwamba "katika nchi hii" wanyama hufugwa kwa utaratibu. Mimi mzaliwa wa Bahati, Nakuru, nafundishwa utaratibu na mtu ambaye siku ya kukagua nyumba alipandisha viatu juu ya kochi hilohilo! Kwa hiyo leo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza mjue paka mwenyewe. Ni dume wa kijivu mwenye milia, niliachiwa na muuguzi mwenzangu, Mzimbabwe, aliyepata kazi Australia. Nikambatiza Mheshimiwa, kwa kuwa hulala mchana kutwa na akiamka shida yake ni kiti. Tunaishi Leeds, ghorofa ya nne, chini kuna barabara kubwa, kwa hiyo hatoki. Hilo nyumbani halijaeleweka mpaka leo. "Hatoki hata kujisaidia?" mama aliniuliza. Nikamwambia ana beseni lake la mchanga. "Na nani anamwaga?" Hapo nilinyamaza, maana mama hajasahau ni mtoto gani aliyekuwa akikataa kutoa jivu jikoni.

Kwetu paka hapangiwi ratiba. Anakula ugali uliolowekwa supu ya omena, usiku yuko ghalani na panya wa mahindi, akitaka kunoa kucha kuna mparachichi, kuna kigingi cha ua, kuna magunia. Sebuleni haingii. Seti ya mama imevaa vitambaa vya kufuma tangu siku iliyonunuliwa, na paka anayesogea pale hufikiwa na kandambili kabla hajachagua kiti. Ndiyo maana hutasikia mtu wa Bahati akilalamika kuhusu paka na kochi.

Huku mparachichi hakuna, panya hakuna, na kandambili ni kesi. Mnyama wa kuwinda amefungiwa vyumba viwili vyenye zulia, unategemea afanye nini? Na kuparura si utundu. Paka akiparura anavua ganda kuukuu la ukucha ili lile jipya lenye ncha litokeze, ananyoosha mgongo na mabega, na anaacha harufu inayotoka kwenye tezi za nyayo zake ili ijulikane mahali hapa pana mwenyewe. Ukimfokea, haja yake inabaki palepale. Atangoja uende kazini.

Binamu yangu aliye Marekani alinishauri nimpeleke akatolewe kucha, yaishe. Kule bado yapo majimbo mengi yanayoruhusu, ingawa New York walipiga marufuku mwaka 2019. Mnajua kinachokatwa? Kifundo cha mwisho cha kila kidole, mfupa pamoja na ukucha. Uingereza hilo ni kosa la jinai, na hata lisingekuwa kosa, mimi nimefanya kazi wodi ya mifupa, hunishawishi.

Basi nikaenda dukani kutafuta nguzo ya kuparuria. Nikapewa kijiti kinachofika gotini, kimezungushiwa kamba, pauni 25. Nikakitikisa, kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Halafu nikaishika ile kamba vizuri: katani! Mkonge uleule unaoupita ukiwa kwenye matatu ya Marigat, mistari kwa mistari pale Mogotio mpaka macho yachoke. Brazil, Tanzania na Kenya ndio vinara wa mkonge duniani, na mtu wa Nakuru amesimama Leeds anauziwa kamba yake kwa bei ya kuku wa kienyeji watatu. Nilicheka hadi mwenye duka akaja kuuliza kama niko sawa.

Sikununua. Baba alikuwa seremala, na mkono haujasahau. Nilichukua mhimili wa mbao wenye urefu wa karibu mita moja, kwa sababu paka anataka kusimama wima na kujinyoosha wote, kile kijiti cha gotini ni pambo tu. Nikaukaza kwa skrubu kwenye ubao mpana mzito niliouokota kwenye kabati lililotupwa. Kisha kamba ya katani ya duka la vifaa vya ujenzi, ile kavu isiyopakwa mafuta wala dawa, kila mzunguko umebana mwenzake, gundi ya mbao ikishikilia. Kamba yenyewe ilikuwa chini ya pauni kumi. Ile nguzo unaweza kuifungia mbuzi.

Aliyenifundisha pa kuiweka ni muuguzi wa kliniki ya wanyama, mama wa makamo, na sitamsahau. Nilikuwa nimepeleka Mheshimiwa kuhakikisha chipu yake, ile ya utambulisho iliyo chini ya ngozi, imeandikwa jina langu (tangu Juni 2024 paka yeyote wa kufugwa hapa England aliyefikisha wiki 20 lazima awe na chipu, la sivyo faini ni hadi pauni 500). Foleni ilikuwa imeisha, akanikalisha, akanieleza yote bila kunitoza hata senti, na nyie mnajua huku hata salamu ina risiti. Akasema usiifiche nguzo pembeni kwa kuwa inaharibu sura ya sebule. Isimamishe ubavuni mwa kochi, palepale anapopapenda, na ukiweza weka ya pili karibu na anapolala, maana paka hujinyoosha na kuparura mara tu akiamka. Mkono wa kochi ubandike selotepu inayonata pande zote mbili, hapendi kabisa kitu cha kumnata nyayo. Nguzo isugue yale majani makavu ya jamii ya mnanaa wanayouziwa paka, ingawa wapo paka wasioyajali, ni jambo la kurithi. Usimkamate miguu umwonyeshe. Akiparura panapostahili, kipande cha kuku saa hiyohiyo. Na kucha zikatwe ncha kila baada ya wiki mbili tatu, ncha tu, ile sehemu ya waridi ina damu na neva.

Lakini nguzo bila kazi haitoshi. Paka huchangamka alfajiri na jioni, na mimi jioni ndiyo navaa sare. Kwa hiyo kabla sijatoka nachukua kijiti chenye uzi na manyoya, nayaburuta chini ya meza, yanapotea nyuma ya pazia, yanachungulia, yanatoroka. Siyapungi usoni pake, hakuna panya anayejileta mdomoni. Dakika kumi hivi, kisha namwachia akamate, naye anatafuna kwa ghadhabu zote. Halafu anakula, anajilamba, analala, nami naenda. Taa ya leza niliikataa tangu mwanzo: anakimbiza nukta asiyoweza kuishika, hasira zote zinamalizikia kwenye kiti. Uzi nikimaliza naufungia kabatini, kwa sababu akiumeza unaweza kumkatakata matumbo, na upasuaji wa paka huku unaweza kula ng'ombe wa maziwa mzima.

Mchana ana rafu yangu ya dirishani ya kuwatukana njiwa. Ana maboksi ya mizigo, nayabadilisha badilisha. Chakula chake kingine nakificha kwenye trei ya mayai, akitoe punje kwa punje. Siku ya mshahara hupata omena ya duka la Waafrika, pakiti ya kiganja pauni tatu. Gorogoro, lile kopo la kupimia, la Top Market Nakuru mnalijua bei yake, sina haja ya kusema.

Video ya zile mbio niliitupa kwenye kundi la familia. Kaka yangu akajibu: "Tulikuchangia harambee ukachezeshe paka?" Shangazi wa Njoro akauliza kama huyo paka analipwa. Sawa, chekeni. Lakini katika nyumba niliyopo sasa hakuna uzi hata mmoja uliochomoka kwenye kochi.

Wewe unayepanga kuja, sikia. Ukipewa nyumba yenye fanicha zake, siku ya funguo kabla hujatua begi piga picha kila kiti, kila zulia, kila ukuta, uwatumie kwa barua pepe ziwe na tarehe. Ruhusa ya paka iwe kwa maandishi. Na usipelekee paka maua ya lili ndani ya nyumba, hata chavua yake inaua figo. Waridi za Naivasha hazina neno.

Dipoziti ya Nakuru unaiaga siku unayoitoa, ukihama wanakuambia imekuwa rangi. Huku, nisiwe mwongo, sheria iko upande wako ukiijua. Kwa kodi ya kawaida hawaruhusiwi kukudai dipoziti inayozidi kodi ya wiki tano, lazima waiweke kwenye mpango uliotambuliwa na serikali, na mkikosana msuluhishi anaamua bure, mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Kitu kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida hakilipiwi kama kipya. Na picha zangu za siku ya kwanza zinaonyesha mkono ule wa kochi tayari umefumuka mshono, umefunikwa shali. Mheshimiwa aliongeza mistari michache kabla nguzo haijakamilika, hiyo nitalipa. Siyo 380. Nimewaandikia jana, kwa utaratibu.

Sasa lililobaki ni Desemba. Nakuja nyumbani wiki tatu, na hoteli ya paka huku kwa usiku mmoja ni bei ya lojing'i nzuri ya Nakuru na kiamsha kinywa. Kama kuna mtu wetu yuko Leeds au karibu, awe wa Bahati, Njoro, hata Molo, aniandikie tuelewane. Chakula nitaacha, funguo nitaacha, nauli ya basi juu yangu. Ila yale ya jioni, dakika kumi na kile kijiti, lazima ukubali kabla sijakukabidhi.