Bamvua kwenye kioo cha kompyuta

Mwaka 2017, nikisoma fizikia Dar es Salaam, nilianza kozi ya kuandika programu za kisayansi. Wengi wetu hatukuwa na kompyuta zetu, hivyo maabara tulikaa wawili wawili: mmoja kwenye kibodi, mwenzake na daftari, kisha tunabadilishana. Python yenyewe, lugha ya programu tuliyotumia, tulipeana kwa flashi, maana kuipakua kwa bando la simu ni kulimaliza bando lote.

Wiki za mwanzo zilikuwa za vigeu na vitanzi, na za kujizoeza kusoma ujumbe wa hitilafu kuanzia mstari wake wa mwisho. Siku moja mwalimu alitwambia tuandike 0.1 + 0.2. Kompyuta ikajibu 0.30000000000000004, darasa zima likaguna. Akaeleza kwamba mashine hutunza namba kwa mfumo wa mbili, na humo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha, sawa na theluthi moja kwenye desimali zetu. Nililipenda somo lile. Lakini lililonikamata hasa ni zoezi la maji.

Mwalimu aliuliza nani katoka pwani, nikanyoosha mkono. Kwetu ni Paje, Unguja, na mama analima mwani kama wanawake wengi wa upande ule tangu kilimo hicho kilipoanza kule mwaka 1989. Nimekua katika nyumba iliyoishi kwa kufuata maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hukupwa ikaenda mbali, na mama na wenzake hushuka na kamba na mbegu, wakafunga na kuvuna mpaka maji yanapoanza kuwarudia magotini. Maji mafu yakiingia, bahari haitoki vya kutosha, na kazi hubaki ni ya nchi kavu: kuanika na kufunga magunia.

Mwalimu akasema kujaa na kupwa ni jumla ya mawimbi mengi, ila mawili yanatosha kuanzia. La mwezi hujirudia kila baada ya saa 12.42, la jua kila baada ya saa 12 kamili. Kwa Unguja tulipewa kimo cha mita 1.2 kwa la mwezi na nusu yake kwa la jua. Nikaandika, t ikiwa ni saa zilizopita:

mwezi = 1.2 * np.cos(2 * np.pi * t / 12.42)

Mstari wa jua ukafuata, kisha wa kuyajumlisha, kisha wa kuchora siku 30.

Mwanzoni mwa grafu mawimbi mawili yalikwenda pamoja, mstari ukipanda na kushuka karibu mita 1.8 kila upande. Kadiri siku zilivyosogea yakaachana, na ilipofika siku ya saba kimo kilikuwa kimebaki kama sentimita 60. Halafu kikaanza kupanuka tena, kikafikia kilele siku ya 14.77, nusu ya mwezi wa angani. Bamvua, maji mafu, bamvua. Hakuna mahali popote kwenye programu yetu tulipotaja wiki mbili. Tulitaja saa 12.42 na saa 12, na tofauti hiyo ya dakika 25 ikaizaa ratiba nzima ya nyumbani kwetu.

Katika miaka ya 1870 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliifanya hesabu hii kwa mashine ya shaba: kamba moja ikapitishwa kwenye kapi nyingi, kila kapi ikicheza kwa mwendo wa wimbi lake, na kalamu ikachora jumla. Mpaka leo sijaona chombo cha hesabu kilichobuniwa kwa akili nzuri kuliko hicho.

Jioni nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

Nikamuuliza: mwezi ukiandama, maji makubwa yanakuja siku ile ile?

"Aa, siku ile bado. Mwezi mosi bahari inajikusanya tu. Subiri mwezi pili, mwezi tatu, hapo ndipo utakwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba."

Grafu yetu iliweka kilele siku ya mwandamo wenyewe. Kesho yake nilisogeza wimbi la jua kidogo ili yakutane na la mwezi siku moja na nusu baadaye. Mwalimu akaja kutazama, akasema ucheleweshaji huo ni wa kweli, wataalamu wa bahari huupima, na sehemu nyingi ni siku moja au mbili. Akaniuliza nimeupata kwenye kitabu gani. Nikamwambia ni kwa mama.

Baadaye tuliongeza wimbi la tatu, la saa 12.66, linalotokana na mwezi kuikaribia dunia na kuwa mbali nayo tena. Mara moja bamvua mbili za mwezi mmoja zikaacha kulingana. Nikapiga simu tena.

"Mwezi huu kubwa ni la mwezi mpevu," mama akasema bila kufikiri. "Lile la mwandamo halikuwa kitu, kamba za mbele hatukuzifikia."

Tukalipanga wimbi la tatu kwa neno lake, kisha tukaweka juu ya grafu vipimo vya jedwali la maji la bandari ya Zanzibar. Mistari miwili ilifuatana mwezi mzima, kubwa kwa kubwa, dogo kwa dogo. Mwenzangu wa kibodi, mzaliwa wa Dodoma, akachukua daftari na kuanza kuandika maswali ya kumpelekea mama.