Jumatano ya mnada

Umeme umekatika tangu saa kumi na simu ina asilimia 31, ngoja niandike haraka haraka maana hili jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Wanaonijua wanajua nafundisha shule ya msingi huku Singida, ndani ndani, ukishaiacha lami bado una nusu saa ya bodaboda na vumbi lake. Shule ndogo. Walimu saba, wanafunzi 312. Kwa karatasi tuko vizuri mno, mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, saba mara 45 ni 315, yaani tumebakiza nafasi tatu bana, mgeni akija anatupongeza kabisa. Sasa njoo uone. Kuanzia awali mpaka la saba ni madarasa nane. Walimu saba. Hata siku ambayo hakuna anayeumwa, hakuna aliyefiwa, Mkuu hajaitwa halmashauri, bado kuna darasa moja limekaa peke yake na kiranja anaandika majina ya wapiga kelele. Na Mkuu kuitwa halmashauri ni karibu kila wiki.

Ungedhani watu wa hali hiyo tungeishi kama familia moja kwenye suala la watoto. Wapi. Sisi tulikuwa na ule ugonjwa wa "wa nani huyu?" Mtoto kaanguka uwanjani, wa nani huyu, wa la pili, haya mwiteni madamu wa la pili. Mtoto hajui kusoma, ticha mtoto wako huyo hajui kusoma. Mtoto akiongoza mtihani ndo anakuwa wa shule nzima.

Basi mi nina binti darasani kwangu, la tano. Hisabati anapata 11, 12, siku akibahatika 14 kwa 50. Kiswahili yuko poa tu, 38. Na Jumatano haonekani kwenye mahudhurio. Mi naita majina mara moja tu, watoto wakishatoka paredi, nafunga daftari, napeleka ofisini, basi. Hayupo, naweka alama ya utoro, naendelea na maisha.

Sasa sikiliza hii. Mkuu hakai zamu, kwa hiyo zamu tunapokezana sita, wiki moja moja. Maana yake kila mmoja wetu anakuwa getini mara moja kwa wiki sita. Huyu binti anachelewa kila Jumatano, lakini kila mwalimu wa zamu anamwona kachelewa mara moja tu, halafu wiki inaisha, anakabidhi zamu kwa mwenzake na habari inaishia hapo. Ukimuuliza mmoja mmoja atakwambia mbona kawaida tu, kuchelewa mara moja mtoto. Sote sita tungejibu hivyo na sote tungekuwa tunasema kweli. Na adhabu ya kuchelewa kwetu ni kumwagilia miti, ndoo nne kutoka kisimani, kwa hiyo binti akishakosa kipindi cha kwanza anamwagilia miti mpaka cha pili nacho kinakaribia kuisha. Mi mwenyewe nilishampa hizo ndoo. Nakumbuka hata nilimwambia kwa ukali, kesho uwahi. Na kesho yake aliwahi, si ilikuwa Alhamisi!

Aliyetuamsha ni madamu wa awali. Huyu mama ndiye mkongwe wetu, hana maneno mengi ila akiongea unaweka kalamu chini. Tulikuwa kwenye kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, pale tunapoambiwa tukae kama jumuiya ya ujifunzaji tujadili mada ngumu, na sisi tunakaa kweli, tunajadili sehemu na desimali, tunapiga picha ya ushahidi, tunatawanyika. Siku hiyo akasema, walimu wangu, mada ngumu tumezijadili, mi naomba tujadili watoto. Akatoa kaunta buku mpya kwenye mkoba, kainunua kwa hela yake, akaiweka mezani pale karibu na chupa ya chai. Andika tarehe, jina la mtoto, na kitu ulichokiona kwa macho yako, mtoto wa darasa lolote lile. Maoni yako baki nayo.

Wiki ya kwanza tuliandika upuuzi. "Mvivu." "Kichwa kizito." "Ana dharau." Akapita na peni nyekundu akatukatia yote kama watoto wa la tatu, pembeni ameandika: umeona nini? Mwenzetu mmoja alinuna siku mbili.

Wiki ya tatu nimekaa na chai yangu nafungua fungua, nakuta jina la binti yangu mara tatu kwa mwandiko wa watu watatu. Wa zamu: Jumatano kachelewa, mikono ina masizi. Wa hisabati: kipindi cha Jumatano hayupo, Alhamisi hajui tulipoishia. Halafu wa michezo, huyu alivyoandika nilicheka kwanza: Jumatano asubuhi nimenunua chai na maandazi kwake mnadani, noti ya elfu kumi, chenji amenirudishia kabla sijamaliza kuhesabu.

Nikaacha kucheka.

Nikaenda kwa Mkuu nikaomba daftari la mahudhurio, nikashuka na kidole safu ya Jumatano peke yake. Alama zangu mwenyewe, mwandiko wangu, tangu Januari. Mi kila siku nilikuwa nasoma mstari kwenda kulia, sikuwahi kusoma kwenda chini.

Jioni tukaenda mimi na madamu. Binti anaishi na bibi yake, bibi anauza chai mnadani, miguu inamsumbua, anayebeba kuni na ndoo ya maandazi na kuwasha moto ni mjukuu. Tumeamkia, tumekaribishwa kwenye mkeka, madamu akaeleza taratibu bila kulaumu. Bibi kashangaa kabisa. "Wanangu, mimi kengele ikilia tu namwachia, siwezi kumzuia mtoto na shule yake." Kumbe kengele anayoisikia kule ni ile ya kuingia kipindi cha kwanza, na kutoka mnadani mpaka shule kwa mguu ni dakika 40. Kipindi chenyewe dakika 40. Mimi ningeweza kuapa kwamba yule bibi hajali elimu, na nilishawahi kulisema hilo ofisini, mbele za watu.

Tukaamua tuhamishe hisabati ya Jumatano. Maneno mepesi hayo. Mwalimu wa hisabati ana madarasa manne, ukigusa kipindi kimoja cha la tano umegusa vinne, tumekaa na ratiba na ufutio mpaka saa kumi na moja. Mwishowe mwalimu wa michezo ndiye aliyekubali kuchukua kile cha kwanza, asubuhi na upepo wa Singida wa mwezi wa sita, mnaoujua mnaujua. Ndoo za miti nazo zimehamia saa ya kutoka. Mtihani wa mwezi huu binti kapata 23. Siyo muujiza, na sasa anachokosa ni michezo, na michezo anaipenda, hilo bado linanisumbua na sijaona njia.

Kitabu nacho kina mipaka yake. Wiki iliyopita mmoja alianza kuandika jambo la mtoto linalohusu nyumbani kwao, madamu akakifunga mkononi mwake, akasema hili siyo la mezani, akampeleka kwa Mkuu, nadhani limefika ustawi wa jamii. Hatukuuliza. Ofisi yetu kwa umbea tunajijua.

Na kuna mwenzetu mmoja mpaka juzi hajawahi kuandika hata mstari, yeye anasema ameajiriwa kufundisha siyo kupeleleza watoto. Tukamwacha. Jumatano hii nilikuwa zamu, bodaboda ikapata pancha, nimefika paredi inaisha. Mapumziko nafungua kaunta buku nakuta mwandiko mzuri mpya, peni ya bluu, tarehe, jina langu kamili: "Kachelewa. Viatu vina vumbi."

Chini yake madamu ameshaweka alama ya vema.